Siku ya Wapendanao kwa mfuko wa mwanafunzi

Mnamo Februari 1477, binti mmoja wa Norfolk, Uingereza, aitwaye Margery Brews, alimwandikia John Paston barua ambayo hadi leo inahesabiwa kuwa barua kongwe zaidi ya Valentino iliyosalia katika Kiingereza. Ndani yake anamwita John Valentino wake mpendwa, anamweleza kwamba hana afya ya mwili wala ya moyo mpaka apate habari zake, kisha, bila kupindisha maneno, anaingia kwenye suala la fedha. Kwa desturi ya kwao, upande wa bibi harusi ndio uliotoa mali, na baba yake Margery alikuwa amekataa kuongeza kiasi alichokwisha kuahidi. Mama yake alikuwa ameshughulika kumshawishi mumewe, akashindwa. Margery anamweleza mchumba wake hali hiyo yote, na anamwomba kwamba ikiwa kweli anampenda, kama yeye anavyoamini, asimwache kwa sababu hiyo. Walioana mwaka huohuo.

Nilikutana na habari za barua hiyo maktabani nilipokuwa nikitafuta jambo jingine kabisa, na tangu hapo naitumia kama hoja yangu kuu kila wenzangu wa chuoni wanapoanza kulalamika kwamba tarehe 14 Februari ni siku ya wenye fedha. Waraka wa kwanza wa mapenzi wa siku hii tulionao mkononi kwa Kiingereza umeandikwa na mtu aliyekuwa akipiga hesabu, na hesabu zilikuwa zinagoma. Hakuficha, wala hakusubiri mpaka siku ipite. Sisi wanafunzi, ambao mifuko yetu hugoma kila mwezi, tunadhani kutaja fedha mbele ya mpenzi ni kuharibu uchumba, na ukimya huo, kwa maoni yangu, ndio unaotugharimu kuliko ua au chakula chochote.

Angalia jinsi ukimya unavyofanya kazi. Mmoja anadhani mwenzake anatarajia jambo kubwa, kwa hiyo anajinyima wiki mbili nzima au anakopa. Mwingine, ambaye hakutarajia chochote, anapokea zawadi ya bei mbaya na kuanza kuona aibu kwa sababu yeye ameleta kadi tu. Jioni nzima inakuwa ya watu wawili wanaotabasamu huku kila mmoja akitafuta namna ya kufidia. Hakuna aliyekosea jambo lolote la moyo. Walikosa tu mazungumzo ya dakika kumi ambayo yangefanyika mwishoni mwa Januari.

Mimi na mwenzangu, ambaye naye ni mwanafunzi, tuna utaratibu ambao haukubuniwa na mtaalamu yeyote lakini umetufaa. Kila mmoja anataja kiasi anachoweza kutumia bila kugusa ada, kodi ya chumba, nauli na chakula. Kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili ndicho kinachokuwa kikomo cha wote wawili. Ikiwa mmoja wetu amepata kibarua na ana ziada, ziada hiyo inabaki mfukoni mwake na haipelekwi kwenye sherehe, kwa sababu zawadi kubwa kutoka upande mmoja huacha deni upande wa pili, hata kama aliyetoa anaapa kwamba hadai kitu. Rafiki yangu mmoja alinipinga kwamba utaratibu huo unaua mshangao. Nilimjibu kwamba kikomo kinasema ni kiasi gani, hakisemi ni nini wala lini wala vipi, na kwamba anayeweza kushangaza kwa fedha nyingi tu bado hajajifunza kushangaza.

Jambo linaloyafanya mazungumzo hayo kuwa magumu zaidi ni ile dhana kwamba mwanaume ndiye anayetoa na mwanamke ndiye anayepokea. Labda dhana hiyo ina maana fulani mahali ambapo mmoja anafanya kazi na mwingine hafanyi, lakini kati ya watu wawili wanaoketi kwenye ukumbi mmoja wa mihadhara na kusubiri posho ya siku moja, sioni inatoka wapi. Hata duniani kwenyewe hakuna makubaliano. Nchini Japani, tarehe 14 Februari wanawake ndio wanaowapa wanaume chokoleti, na wanaume hurudisha mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Machi, katika siku waiitayo Siku Nyeupe. Sishauri kuiga desturi ya watu wengine neno kwa neno. Nasema tu kwamba yeyote anayedai kuwa mambo haya yamepangwa na maumbile ana kazi kubwa ya kuthibitisha.

Kuhusu bei zenyewe, inafaa kuelewa kwa nini hupanda, maana anayeelewa haoni uchungu sana na pia hujua mahali pa kukwepa. Chukua mawaridi mekundu. Sehemu kubwa ya mawaridi yanayouzwa Ulaya wakati wa baridi hutoka mbali, hasa Kenya na Ethiopia, na yale yanayouzwa Marekani hutoka zaidi Colombia na Ecuador. Mkulima hupogoa mashina wiki kadhaa kabla, kwa hesabu, ili machipukizi yakomae katika siku chache tu zinazotangulia tarehe 14. Maua hayo hukatwa, hupozwa, hupakiwa kwenye ndege, hupita kwa wauzaji wa jumla, kisha hufika dukani yakiwa na maisha ya siku chache. Nguo isiyouzwa hurudishwa ghalani ikangoja wateja wengine, lakini ua lisilouzwa hutupwa, kwa hiyo muuzaji anayetaka kulipia hasara hiyo pamoja na ndege na barafu huiingiza kwenye bei ya lile litakalouzwa. Ukiongeza kwamba watu wote wanataka rangi moja, siku moja, tena asubuhi, hapo bei haina namna nyingine isipokuwa kupanda. Mnunuzi analipia ua, na juu yake analipia tarehe.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayetaka kutoa maua ana njia kadhaa. Anaweza kuchagua ua lisilo waridi, au waridi lisilo jekundu, kwa kuwa msongamano wa wanunuzi uko kwenye jekundu. Anaweza kutoa ua moja badala ya shada, na ua moja lililotolewa na mtu anayejua kwa nini amechagua lile halipungukiwi na kitu. Anaweza pia kununua siku ya pili yake, wakati muuzaji anatamani meza iwe tupu. Vyovyote afanyavyo, akate ncha ya shina kwa mshazari, aondoe majani yatakayozama majini, abadilishe maji kila baada ya siku mbili na asiweke chombo karibu na matunda yanayoiva, kwa sababu matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua haraka. Nimeona maua ya bei ndogo yaliyotunzwa hivyo yakiishi kuliko mashada makubwa yaliyoachwa dirishani kwenye jua.

Mikahawa nayo hufuata mantiki hiyohiyo. Usiku ule meza za watu wawili ni chache kuliko wanaozitaka, kwa hiyo mahali pengi huandaliwa mlo wa bei moja iliyopangwa, na wahudumu wanakuwa na haraka ya kukuondoa ili jozi nyingine ikae. Kwa mtazamo wangu, huo ndio usiku mbaya kuliko wote wa kula nje, hata kwa mwenye fedha. Mlo wa mchana wa siku ya kawaida mahali palepale huwa nafuu zaidi, na mnaweza kuzungumza bila kuangaliwa saa.

Hoja hiyo inanipeleka kwenye suala la kuhamisha tarehe. Wapo wanaoona kwamba siku ikihamishwa si siku tena, lakini kalenda ya mapenzi imekuwa ikihamahama kwa karne nyingi. Wabrazili husherehekea siku yao ya wapenzi tarehe 12 Juni. Watu wa Wales wanaye Mtakatifu Dwynwen, tarehe 25 Januari. Wachina wana sikukuu ya Qixi, siku ya saba ya mwezi wa saba katika kalenda yao ya jadi. Kanisa Katoliki lenyewe, katika marekebisho ya kalenda yake ya mwaka 1969, liliiondoa kumbukumbu ya Mtakatifu Valentino kwenye kalenda ya jumla ya Kirumi, kwa kuwa habari za hakika kumhusu ni chache mno. Hata uhusiano wa siku hiyo na mapenzi tunaukuta kwanza kwa washairi wa Uingereza ya karne ya 14, mashuhuri zaidi akiwa Geoffrey Chaucer, aliyeandika juu ya ndege wanaokusanyika siku ya Valentino kuchagua wenza wao. Tarehe iliyowekwa na washairi na ndege inaweza kusogezwa na wanafunzi wawili wenye mtihani kesho yake.

Hata hivyo, nina sharti moja. Tarehe isihamishwe na mtu mmoja. Kuna watu ambao tarehe yenyewe ina uzito kwao, pengine kwa sababu hakuna aliyewahi kuwakumbuka siku hiyo, na mtu wa namna hiyo akiambiwa ghafla kwamba tutasherehekea wiki ijayo bei zikishuka, anasikia kwamba amewekwa kwenye rafu ya vitu vya punguzo. Kwake inafaa kugawa: jambo dogo lifanyike tarehe ileile, barua au matembezi ya jioni, na matembezi makubwa yasubiri. Jambo hili huwezi kulikisia, bali ni la kuuliza.

Juu ya kukopa nitasema kidogo tu, kwa sababu wahenga walikwisha kulimaliza waliposema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopo wa simu unaopatikana kwa kubonyeza mara tatu una riba, na riba hiyo huanza kuhesabiwa kabla maua hayajanyauka. Kutumia fedha ya ada kwa nia ya kuirudisha baadaye ni mkopo vilevile, isipokuwa anayekopeshwa na anayekopesha ni mtu mmoja, na huyo huwa hajidai deni lake mpaka siku ya mtihani.

Sasa nije kwenye mali halisi ya mwanafunzi, ambayo ni muda ulio katika vipande vya ajabu na milango ambayo wengine hawafunguliwi. Mfanyakazi ana jioni tu. Sisi tunaweza kuwa huru saa nne asubuhi katikati ya wiki, wakati kila mahali ni patupu na tiketi nyingi zina bei ya chini. Makumbusho na majumba ya sinema mengi hupunguza bei kwa anayeonyesha kitambulisho cha chuo, na wengi wetu tunakitumia kitambulisho hicho kuingilia maktabani tu. Chuo kikiwa na idara ya muziki au ya sanaa za maonyesho, karibu kila muhula kuna onyesho la wanafunzi ambalo halina kiingilio au lina kiingilio kidogo, na watazamaji huwa ni wachache kuliko linavyostahili. Ningechagua kuketi na mwenzangu kumtazama mwanafunzi wa mwaka wa pili akipambana na wimbo mgumu, kuliko kuketi kwenye mkahawa ambao kila meza inapiga picha ya sahani.

Tatizo ambalo waandishi wa ushauri huu wa bajeti hawaligusi, labda kwa kuwa hawajawahi kuishi bwenini, ni faragha. Wanashauri kupika nyumbani na kuwasha mishumaa, kana kwamba sote tuna nyumba, na kana kwamba msimamizi wa bweni akiona mshumaa hatapiga kelele. Na ana haki ya kupiga kelele, kwa sababu moto katika jengo la watu wengi si jambo la kuchezea; taa ndogo ya betri inatosha. Kuhusu chumba chenyewe, unacho pamoja na wengine, na wao hawakujiandikisha kwenye uchumba wako. Ustaarabu ni kuwaendea siku kadhaa kabla, kuwaomba saa mbili au tatu za jioni, kutaja saa ya mwisho na kuiheshimu, na kuwalipa kwa namna ileile siku yao itakapofika. Anayemwambia mwenzake wa chumba saa kumi na mbili jioni kwamba atafute pa kwenda amejipatia jioni moja na kununa kwa muhula mzima. Ikiwa utaratibu wa bweni hauruhusu wageni, basi uheshimiwe, na mpango uhamie nje: bustani, uwanja mtupu baada ya mazoezi, ngazi za jengo la utawala jua linapozama.

Jikoni la pamoja lina sheria zake pia. Pika kitu ambacho umewahi kukipika kikaiva, kwa sababu siku hiyo haifai kwa majaribio, na kila mtu mwingine mwenye wazo kama lako atakuwa amepanga foleni ya jiko saa ileile. Kupika mapema kisha kupasha moto hakupunguzi heshima ya chakula. Kupika pamoja ni bora zaidi, maana gharama inagawanyika, kazi inageuka maongezi, na chakula kikiungua lawama zinagawanyika vilevile. Kuosha vyombo kusiachwe kwa mgeni, hata akijitolea, ingawa najua wapo wanaoona kwamba hapo ndipo mapenzi hupimwa.

Jambo ninaloliona kuwa zawadi halisi ya siku hii, hata kwa mwenye mfuko mnono, ni barua. Historia iko upande wangu. Kabla ya mwaka 1840, kutuma barua nchini Uingereza kulikuwa ghali. Ada ilitegemea umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipa. Mwaka huo ikawekwa ada moja ya peni moja kwa barua nyepesi kwenda popote nchini, ikilipwa na mtumaji, na salamu za Valentino zikaongezeka kwa kishindo. Marekani nako, Esther Howland wa Worcester, Massachusetts, aliyemaliza masomo yake ya juu mwaka 1847, alianza muda mfupi baadaye kutengeneza na kuuza kadi za karatasi zilizopambwa kwa lesi, na biashara hiyo ikakua. Kwa hiyo siku hii ilienea kwa sababu ilipata kuwa rahisi. Yale maboksi ya chokoleti yenye umbo la moyo, ambayo Richard Cadbury aliyaingiza sokoni miaka ya 1860, yalikuja baadaye, na inasemekana wengi waliyahifadhi baada ya chokoleti kuisha ili watunzie barua.

Kuandika barua kunawatisha watu wanaodhani ni lazima waandike kama washairi. Wanakwenda kwenye intaneti, wananakili beti ambazo maelfu wamekwisha kuzinakili, na mpokeaji anazitambua kwa mstari wa kwanza. Barua nzuri haihitaji tamathali, inahitaji kumbukumbu. Andika jambo ambalo mwenzako alilisema na ambalo huenda yeye mwenyewe amelisahau. Andika siku aliyokusaidia na hukumshukuru ipasavyo. Andika unachokiona anapokuwa amezama kwenye kazi na hajui kama anatazamwa. Epuka kumwambia kwamba yeye ni mzuri kuliko nyota, kwa kuwa hilo linaweza kuambiwa mtu yeyote. Mwambie jambo ambalo likisomwa na mtu mwingine halitaeleweka. Ukurasa mmoja unatosha. Andika rasimu kwanza kwenye karatasi mbaya, iache ilale usiku mmoja, futa sentensi zinazojisifu, kisha inakili kwa mkono wako hata kama mwandiko wako ni ule wa kumchosha msahihishaji wa mitihani.

Na ukishaitoa, usisimame pale ukimtazama usoni anavyosoma. Nimefanyiwa hivyo, na nilijikuta nikishughulika na kupanga uso kuliko kusoma. Mpe, kisha badilisha mazungumzo. Atasoma akiwa peke yake, pengine zaidi ya mara moja.

Kwa wale ambao wenza wao wako vyuo vingine au miji mingine, barua ina faida ya ziada kwa sababu inaweza kutumwa mapema kwa posta, ikiwa na maagizo ya kutofunguliwa hadi saa fulani, nanyi mkaifungua kila mmoja yake huku mkiwa kwenye simu. Simu ya picha ya saa tatu nzima inamaliza kifurushi cha intaneti na pia inamaliza maneno. Simu ya sauti ya nusu saa, iliyopangwa muda ambao hakuna mwenye mhadhara wala mwenzake wa chumba anayelala, huacha hamu. Kusoma pamoja kimyakimya, simu ikiwa wazi mezani na kila mtu na kitabu chake, nako ni sherehe, hasa mtihani unapokuwa wiki hiyohiyo.

Limebaki suala la picha. Usiku wa tarehe 14 mitandao ya kijamii hujaa mashada, meza na magari, na mtu aliyekuwa ameridhika saa moja jioni anaweza kuwa na huzuni saa tatu bila jambo lolote kubadilika katika maisha yake. Mwenzangu hupenda kuweka picha, mimi sipendi. Tulikubaliana kwamba simu zikae mfukoni siku yenyewe, na kwamba akitaka kuweka picha aiweke kesho yake, baada ya sisi wawili kuiangalia kwanza. Mwaka uliopita alipofika kuiweka alikuta hatujapiga hata moja, akanilaumu mimi, na kwa hilo nakubali alikuwa na haki kiasi. Mwaka huu tumepanga ipigwe moja, mwanzoni, kabla ya kula.